Msituondolee sufuria kanisani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Makambako, ambaye barua yake mliitoa mwezi uliopita. Alishauri kwamba vikundi vya ibada za nyumbani na mikutano ya kanisa viache kupika. Watu wakimaliza kuomba, alisema, wafungashiwe soda na vitafunwa waende navyo nyumbani, na fedha itakayookolewa iingie kwenye ujenzi. Aliandika kwa adabu na kwa hoja, na sina shaka kwamba anaipenda kazi ya Mungu. Lakini ushauri wake ukifuatwa tutapoteza kitu ambacho bati na saruji haviwezi kukirudisha. Nimewasikia washirika kadhaa hapa Tukuyu wakiusifu, ndiyo maana nimeona nisinyamaze.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, na mzee wa kanisa katika ushirika wa Moravian. Sikusomea theolojia. Ninayo Biblia yangu, na jikoni pa kanisa napajua.

Mwenzangu aliijenga barua yake juu ya maneno haya: "Je! Hamna nyumba za kulia na kunywea?" Ni maneno ya Mtume Paulo kweli, katika 1 Wakorintho 11:22. Ila aliukata mstari katikati. Unaendelea hivi: "Au mnalidharau kanisa la Mungu, na kuwatahayarisha hao wasio na kitu?" Ukiusoma wote, unaona Paulo hakukasirishwa na chakula. Kilichomkasirisha ni aibu waliyotwishwa maskini mbele ya chakula.

Tukumbuke hali ilivyokuwa Korintho. Kanisa halikuwa na jengo. Walikutana nyumbani kwa mtu mwenye nafasi, na Meza ya Bwana, yaani ule mkate na kikombe cha ukumbusho wa Yesu, iliandamana na mlo wa kushibisha, kila mtu akileta chake. Matajiri, ambao saa zao zilikuwa mikononi mwao wenyewe, walianza kula bila kuwasubiri wengine. Mtumwa hakuwa na ruhusa ya kuondoka kazini anapotaka, na kibarua alitoka jua likishazama. Wakifika, chakula kimekwisha. "Huyu ana njaa, na huyu amelewa," anasema Paulo. Kama kulikuwa na siku ya kufuta mlo kanisani, basi ilikuwa siku ile, na mtume alikuwa na mamlaka ya kuufuta. Akaandika nini? "Kwa hiyo, ndugu zangu, mkutanikapo mpate kula, mngojane." Ni mstari wa 33. Katika mstari wa 34 anamwambia yule ambaye njaa haimruhusu kungoja atangulie kula kwake, ili asije akawaharibia wenzake. Hajasema popote kwamba kila mtu achukue fungu lake akafungie mlango.

Katika sura hiyohiyo kuna onyo ambalo wengi wetu tulilisikia tangu darasa la kipaimara: anayekula bila "kuupambanua ule mwili" hula hukumu yake. Nimekuwa nikihubiriwa kwamba maana yake ni kuja mezani na dhambi za siri. Sipingi kujihoji. Lakini nikisoma sura hiyo kuanzia mstari wa 17 bila kupumzika, naona dhambi inayotajwa pale haikuwa ya siri hata kidogo. Ilikuwa inaonekana na kila aliyekuwepo: ndugu ameketi na tumbo tupu na wewe unajifuta mafuta midomoni. Kutoupambanua mwili, kwa jinsi ninavyouelewa mimi, ni kutomwona yule ndugu kuwa kiungo cha mwili huohuo unaouomba ukuokoe.

Tuje kwetu sasa. Nimewahi kuhudhuria sherehe ya kanisa, sitasema wapi, ambako wageni wa heshima waliandaliwa meza kuu yenye kitambaa cheupe, kuku, pilau ya mchele wa Kyela na soda. Washirika walipanga foleni ya makande nje, na mvua ya Rungwe mnaijua. Waliokuwa mwisho wa foleni waliikuta sufuria imekwanguliwa. Nao ni walewale waliotembea kwa miguu kutoka vijiji vya mbali, wakafika wamechelewa kwa sababu ya utelezi. Korintho tupu. Yakitokea haya, kanisa linapaswa kuondoa kitambaa cheupe, siyo kuzima moto. Na nawaambia ndugu zangu wanaopenda vifurushi: mgao wa vifurushi ndio unaoficha kabisa nani amekosa. Kila mtu anainama na mfuko wake, anaondoka. Mezani huwezi kumficha mwenye njaa.

Bwana wetu mwenyewe alishtakiwa kwa sababu ya meza. "Mtu huyu huwakaribisha wenye dhambi, tena hula nao," walinung'unika Mafarisayo na waandishi, Luka 15:2. Wangeweza kumvumilia akiwahubiria watoza ushuru kutoka mbali. Kula nao ndiko kulikowashinda. Na baada ya kufufuka, wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau walitembea naye mchana, akawafafanulia Maandiko kuanzia Musa, mioyo ikawaka, na bado hawakumjua. Walimtambua alipouumega mkate. Wahubiri wetu wanaopenda mahubiri ya saa mbili waitafakari sura hiyo ya Luka 24.

Kwa sisi Wamoravian jambo hili lina historia ya pekee, na inanisikitisha kuona vijana wetu hawafundishwi. Mwaka 1727 kule Herrnhut, Ujerumani, wakimbizi wa imani waliokuwa wamepokewa katika ardhi ya Bwana Zinzendorf walikuwa wamegombana vibaya juu ya mafundisho na taratibu. Tarehe 13 Agosti mwaka ule walikwenda kushiriki Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, na Roho Mtakatifu akawashukia kwa namna ambayo hadi leo tunaikumbuka kila mwaka. Ibada ilipokwisha hawakutaka kuachana. Walikaa makundi makundi wakizungumza. Zinzendorf akatuma chakula kutoka jikoni kwake, ili wasilazimike kutawanyika kwenda kula. Hapo ndipo karamu ya upendo ya Wamoravian ilipoanzia. Katika nchi nyingi hadi leo wanakaa kanisani, wanapitishiana mkate mtamu na chai au kahawa, wanaimba. Ona basi: watu wametoka kupatanishwa, na kitu cha kwanza walichohitaji ni chakula cha kuwazuia wasiondoke. Hapo hakuna mtu aliyesema wafungashiwe.

Wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891 hawakuwakuta watu wasiojua kula pamoja. Wazee wa Kinyakyusa walikuwa na vijiji vya rika. Vijana wa umri mmoja walijenga pamoja, na kikundi kizima kilikwenda kula kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kijana aliyekula peke yake alionekana ana kasoro. Injili ilikuta meza imeshatandikwa, ikaongeza viti kwa wale ambao rika na ukoo haviwafikii.

Lakini sikuandika barua hii kwa ajili ya historia. Nimeiandika kwa sababu ya sahani moja.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliishi na virusi vya ukimwi wakati dawa zilikuwa bado hazijafika vituo vya karibu. Wasomaji wa mikoa yetu wanajua ninachosema. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 bado uliikuta mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya ikiongoza nchi nzima kwa maambukizi, na miaka ya nyuma ilikuwa kilio kila wiki. Katika nyumba aliyokuwa akikaa, wifi alikuwa na sahani yake ya bati. Waliipaka rangi ya kucha nyekundu kwenye ukingo, ili mtoto asije akakosea. Kikombe chake kilitundikwa kwenye msumari wake, mbali na vingine. Hawakuwa watu wabaya. Walimwogesha, walimpeleka hospitali, waliuza ng'ombe kwa ajili yake. Lakini sahani ile ilimwambia kila siku, mara mbili, kwamba ameshatoka katika hesabu ya walio hai.

Siku moja ibada ya nyumbani ilikuwa kwa mama mmoja wa kikundi chetu, na mama huyo alipakua ndizi na maharage kwenye sinia moja kubwa, akamvuta wifi kwa mkono akamketisha kando yake. Akanawa, akamnawisha, akamega, akala. Wifi alitazama sinia muda mrefu. Sisi wengine tulijifanya tunazungumza. Kisha akapeleka mkono. Alikula polepole sana, na alipomaliza alilamba vidole vyote vitano kama mtoto. Tangu siku ile alianza kuitikia nyimbo. Alikuja kupata dawa baadaye, akaishi miaka, akalima, akamwoza binti yake. Alipokuwa akinisimulia maisha yake hakutaja siku aliyoanza dawa. Alitaja siku ya sinia.

Ndugu yangu wa Makambako, chupa ya soda ingefanya nini hapo? Wifi angepewa yake, na angeinywa akiwa peke yake, kama alivyokuwa akila peke yake.

Mtume Paulo aligombana na Petro mbele ya watu wote kwa jambo la namna hii. Katika Wagalatia 2 tunasoma kwamba Petro, akiwa Antiokia, alikuwa akila na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, na walipokuja Wayahudi wenzake kutoka kwa Yakobo akajitenga. Petro hakukana fundisho lolote. Hakumtukana mtu. Alihama meza tu, na Paulo akasema hakwenda sawasawa na kweli ya Injili. Ninaomba wachungaji wetu wapime uzito wa maneno hayo: kweli ya Injili, kwa sababu ya mahali mtu alipoketi kula.

Kuna jambo jingine ambalo huku kwetu husemwa kwa kunong'ona, na nadhani gazeti ni mahali pazuri pa kulisema wazi. Tunaogopana kwenye chakula. Mtu akiugua siku mbili baada ya sherehe, hata kama ni homa ya matumbo, jina la aliyepakua litatajwa. Wapo wanaokula kwanza nyumbani ndipo waende kwenye shughuli, na wakipewa sahani wanaigusagusa. Wapo wanaowaonya watoto wasipokee hata kipande cha muwa kwa jirani. Wote tunaimba kwaya moja siku ya Jumapili. Hofu hii haitibiwi kwa mahubiri peke yake. Nimeyasikia mengi na hofu ipo palepale. Ninachokiona kikisaidia ni ile desturi yetu ya zamani ya mwenyeji kuonja kwanza, mbele ya wageni, na kikundi kuzunguka nyumba kwa nyumba bila kuruka hata moja.

Katika kikundi chetu walikuwepo akina mama wawili ambao hawakuwa wakikanyagiana vizingiti, kwa sababu mtoto wa mmoja alifariki na maneno yakasemwa. Zamu ya yule mwingine ilipofika, baadhi yetu tulishauriana kwamba tuiruke, tusije tukachokoza. Mzee wetu wa zamu alikataa. Tukaenda wote. Mwenyeji aliweka sufuria katikati ya chumba, akachota kwa mwiko, akala, machozi yanamtoka. Mama aliyefiwa alikula viazi viwili. Viwili tu, kisha akaomba maji. Hawajawa marafiki, nisiwadanganye. Lakini wanasalimiana, na wajukuu wao wanakwenda kisimani pamoja. Mchungaji aliwaita ofisini kuwapatanisha kabla ya hapo na haikuwezekana.

Sasa niseme juu ya hoja zake zenye nguvu, maana zipo.

Alisema akina mama hawasikii neno kwa sababu wako jikoni. Hilo ni kweli na ni aibu kwetu wazee wa kanisa. Martha, yule aliyehangaika na kazi za nyumba dada yake akimsikiliza Yesu, hatakiwi kugeuzwa desturi. Sisi tumepanga hivi: chakula kinapikwa mapema kinaletwa kwenye hotipoti, au kama ni kikubwa tunaanza kumenya ndizi saa moja kabla ya ibada, wanaume kwa wanawake. Mwanzoni wanaume walisimama wakitazama visu. Siku hizi wanajipaka mafuta mikononi ili utomvu usigande, wanakaa kwenye vigoda, na kuni na maji ni kazi yao bila kuulizwa. Nani ameuza parachichi kwa bei ya kutupa, nani ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shuleni, nani hajalala kwa sababu ya mume: tunayajua yote kabla sufuria haijafunikwa kwa majani ya mgomba. Mchungaji mwenye washirika mamia kadhaa anawapa mkono mlangoni dakika moja moja. Hawezi kuyajua hayo pale.

Alisema pia juu ya magonjwa, kipindupindu hasa. Nakubaliana naye moja kwa moja. Ndoo yenye bomba, sabuni, maji yaliyochemshwa, chakula cha moto. Anayeharisha asipakue. Hakuna cha kubishana hapo.

Na gharama. Hapa ndipo nadhani amekosea hesabu, kwa sababu alihesabu chakula cha sherehe. Mlo ninaoutetea mimi hauna kuku. Mwenye shamba Isongole analeta viazi, mwenye mgomba analeta mkungu, mwenye ng'ombe analeta maziwa ya chai. Mzee mmoja asiye na shamba wala mifugo huleta kuni kavu, na msimu wa mvua kuni kavu ni zawadi kubwa kuliko unga. Hatusomi majina ya waliochangia. Pale majina yanaposomwa na kiasi kutajwa, nimeona wenye kidogo wakiacha kuja, na hapo ndipo "kuwatahayarisha hao wasio na kitu" kunapoanzia siku hizi. Bwana Yesu alisema ufanyapo karamu uwaite maskini, vilema, viwete na vipofu, kwa kuwa hao hawana cha kukulipa. Kikapu kikipita kabla ya chakula, tumeshawalipisha.

Ujenzi una heshima yake. Kanisa letu lina jengo zuri na nilichangia matofali yake. Lakini nimeona pia ushirika uliomaliza jengo na watu wake hawajuani majina.

Kwa hiyo ninayaomba makanisa yote ya nyanda zetu hizi, siyo Moravian peke yake, maana najua Walutheri na Wakatoliki wana jumuiya zao na Wapentekoste wana vikundi vyao vya nyumbani: ibada ya nyumbani imalizike kwa kula, hata ikiwa ni chai na kiazi. Jumapili moja kwa mwezi washirika wabaki, wakae chini bila meza kuu, mchungaji apakuliwe kutoka sufuria ileile na apange foleni kama mtu mwingine. Siku ya Meza ya Bwana wagonjwa wasiofika wapelekewe chakula pamoja na Sakramenti, na anayepeleka akae ale nao, asiache kibakuli mlangoni. Na kijana wa bodaboda aliyekimbilia barazani kujikinga na mvua akaribishwe ndani kabla hajaulizwa ni wa dhehebu gani. Mmoja wa namna hiyo sasa ndiye anayetupigia gitaa.

Ndugu yangu wa Makambako nampa karibu yeye na mkewe. Sisi hukutana Jumamosi jioni. Akifika stendi ya Tukuyu aulize nyumba ya mwalimu mstaafu, mjane, jirani na kanisa la Moravian, ataonyeshwa. Asije na soda wala chochote. Ila avae mabuti, maana kuanzia barabara ya lami hadi kwangu ni tope.

Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Rungwe